UZI: Halqa ya uradi mtaani hapa Bagamoyo, namna ya kuianzisha ikatuliza moyo na kutia ujasiri, isife mwezi wa pili

JamviLaMiyaa
Assalaam alaykum wanajamvi, na ndugu zetu Wakristo habari za jioni.

Swali hili huja kila baada ya Ramadhani: watu wachache wa mtaa mmoja wanataka kukaa pamoja mara moja kwa wiki, wamtaje Mungu kwa maneno ya kurudiwa (ndio uradi), watulie, wainuke na moyo wa kuikabili wiki. Waanzeje? Halqa nyingi, yaani duara hizo, huanza kwa kishindo, watu thelathini, kipaza sauti na sinia za pilau. Mwezi wa pili anabaki mwenye nyumba na wanawe. Naweka hapa utaratibu unaodumu, wenye ujuzi waongeze.

Idadi: anzeni 7, msipite 15. Watu 12 wakikaa duara, goti karibu na goti, wanaenea chumba cha futi 12 kwa 12 na nafasi ya mlango inabaki. Sababu kubwa zaidi ni sauti. Wakipita 15, aliye pembeni hasikii tena pumzi ya mwenziwe, anaanza kuwahi au kuburuta, na uradi unageuka kelele. Mkizidi, gawanyikeni nyumba mbili, siku ileile na saa ileile.

Saa: usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha. Mnaanza saa 2:00 na kufunga saa 3:00, hata kama utamu ndiyo kwanza umekolea. Mama mwenye mtoto mchanga na kijana anayeondoka alfajiri kwenda ufukweni kupokea samaki watakuja wiki ijayo ikiwa wana uhakika na saa ya kutoka. Halqa inayofika saa 5 usiku leo haina watu Alhamisi ijayo.

Mpangilio wa ile saa moja: dakika 5 za kukaa kimya, watu waache ya njiani. Fatiha. Istighfari (kuomba msamaha) 70, kama dakika 4. Salawati (kumsalia Mtume) fupi 33, dakika 3. Surat Yasin, dakika 15 hadi 18. La ilaha illa Allah 100, dakika 10. Kimya tena dakika 5. Haja za watu na dua, dakika 10. Fatiha ya kufungia.

Sasa mahali panapoharibika: mwendo. La ilaha illa Allah 100 unaweza kuzimaliza kwa dakika mbili na nusu ukipenda, lakini utainuka umechoka kama uliyekuwa ukikimbia. Mwendo unaotuliza ni kama mara 10 kwa dakika. Vuta pumzi kwa pua, hesabu mbili, kisha toa neno zima katika pumzi moja inayotoka, polepole, likae kama sekunde nne. Mabega yashuke, yasipande. Ukiona shingo imekakamaa, mko mbio.

Na aongozaye asihesabu. Hili halina mjadala kwangu. Akishika tasbihi yeye, macho yake yapo kwenye punje zilizobaki, na kuanzia 60 anaanza kuwahi bila kujijua. Ahesabu mtu wa pili aliyeketi mkabala naye. Akifika 90, aiweke tasbihi juu ya jamvi mbele yake. Kiongozi akiiona imelala, ashushe sauti kidogo kidogo mpaka 100 iishie mnong'ono. Msikate ghafla. Uradi uliokatwa ghafla huwaacha watu wakitazamana.

Kimya cha baada yake ndicho wengi hukimbia. Mtu ataita "Al-Faatiha!" kwa sababu kimya kinamtisha. Aelezwe mapema kwamba dakika 5 hizo si pengo, ndimo kinamovunwa kilichopandwa.

MchangaWaKaole
Wa alaykum salaam shehe wangu. Allah akulipe. Swali: mbona wengine wanasema tahlili, yaani La ilaha illa Allah, ni 165? Na Yasin inatushinda kwenda pamoja, waliopita madrasa wanatuacha nyuma, sisi wengine tunaishia kuinamisha kichwa tu.

KhatiWaZawiya
Nijibu hili la 165. Ni hesabu ya Wakadiria, watu wa tarika ya Qadiriyya, baada ya swala za faradhi, na imetokana na abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. La ni 31, ilaha 36, illa 32, Allah 66. Jumlisha, utapata 165. Kwa mwendo alioutaja JamviLaMiyaa hizo ni dakika 16 hadi 17, kwa hiyo halqa changa ibaki na 100 miezi mitatu ya mwanzo. Kuichukua 165 kama njia ya tarika ni jambo la ijaza (idhini) kutoka kwa shehe, halichukuliwi kwa kuiga.

Kuhusu Yasin, dawa yake imo ndani ya sura yenyewe. Ina aya 83, na neno mubini limekuja mwishoni mwa aya mara saba: aya ya 12, 17, 24, 47, 60, 69 na 77. Kila mkifika mubini, wote simameni pumzi mbili kamili. Aliyebaki nyuma anafika, mnaondoka pamoja. Kati ya 24 na 47 ni mbali, ongezeni kituo kwenye aya ya 35. Asiyejua kusoma asikilize na aingie kwenye "Salaamun qawlan min Rabbin Rahiim", aya ya 58, ambayo kila mtu wa pwani anaijua. Isomeni kwa sauti ya pamoja mara tatu, kama wengi wanavyofanya. Yule aliyekuwa kimya muda wote atasikia sauti yake imo.

Na jambo la mji wetu. Bagamoyo si mgeni wa haya. Sheikh Ramiya aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema huko Kongo, akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa Qadiriyya, hata wenye majina makubwa ya mji wakawa wanafunzi wake. Alifariki 1931. Mtu aliyeingia mji huu bila ukoo aliongoza duara, na waungwana wakaitikia nyuma yake. Wanaodhani uradi ni kazi ya wazee wa kusinzia barazani waangalie hapo. Duara halina kiti cha mbele, na kwa mtu aliyedharauliwa hilo ni jambo zito.

Onyo moja: zikri ya kusimama, ile ya pumzi nzito ya koo, msiianze wenyewe. Mkivuta na kutoa pumzi kwa kasi, ganzi huingia midomoni na vidoleni, kichwa kinakuwa chepesi, na wapo watakaosema "nimefunguliwa". Hapana. Hewa ya kaboni dioksidi imetoka mwilini kupita kiasi. Keti, funga mdomo, pumua kwa pua taratibu, dakika mbili tatu itaondoka. Zikri hiyo ina watu wake waliolelewa nayo, wana mwenye kuipandisha na mwenye kuishusha, na anayeishusha ndiye mwenye ujuzi zaidi.

BintiMagomeni
Shikamooni wazee wangu. Naongeza ya upande wa akina mama, maana halqa nyingi zinazodumu mji huu ni zetu.

Alasiri inatufaa kuliko usiku: saa 10:30 hadi 11:30 jioni, kabla ya moto wa futari au chakula cha usiku. Watoto msiwafukuze. Tandikeni mkeka wa pili karibu na mlango, binti mmoja mkubwa akae nao, wapewe "Subhanallah" 33 yao kwa sauti ndogo, kisha watoke wacheze uani. Mtoto akiambiwa akae saa nzima, mama yake ndiye asiyesikia kitu.

Aliye kwenye hedhi aje. Kwa madhehebu yetu ya Shafii hagusi msahafu wala hasomi Qur'ani kwa nia ya kisomo, lakini istighfari, salawati, tahlili na dua anasema zote. Wengi hukaa nyumbani wiki nzima kwa kutojua, na mara nyingi ni wiki ambayo moyo wake ni mzito. Apewe tasbihi, ahesabu yeye.

Ubani: punje tatu za ukubwa wa dengu zinatosha chumba kizima. Makaa yawashwe nje, mpaka yafunikwe na jivu jeupe, ndipo chetezo kiingie, na dirisha moja liwe wazi. Makaa yoyote yanayowaka, hata yenye jivu, ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wakianza kuumwa kichwa na kulegea, msiseme ni mambo mengine, toeni chetezo na fungueni milango. Mwenye pumu akiwepo, chetezo kibaki barazani.

MtunzaRozari
Tumsifu Yesu Kristo, na salamu kwenu nyote. Upande wetu Wakatoliki, jumuiya ndogondogo zinafanya kazi ileile. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, lakini mtindo huu wa nyumba kwa nyumba ni wa karibuni: maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele miaka ya 1970.

Tunatumia hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Kumkaribisha Bwana. Kusoma Injili. Kutaja neno au kifungu kilichokugusa, bila maelezo, na kila kifungu kirudiwe mara tatu taratibu. Kukaa kimya. Kushirikishana. Kupanga tendo. Sala za kufunga. Zinazokosewa ni ya tatu na ya sita. Katika ya tatu mtu huanza kuhubiri, naye mwongozaji amkatishe kwa upole kwa kurudia lile neno lenyewe. Katika ya sita watu hupanga mambo mapana, "tusaidie wagonjwa", na hakuna anayekwenda. Panga jina, siku na mtu: kesho jioni, fulani na fulani, kwa mama fulani. Bila hivyo hatua hiyo haijafanyika.

Naunga mkono suala la mwendo. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha kipimo cha watafiti wa Italia kwa watu wazima 23: walipoisali Salamu Maria kwa Kilatini kwa kupokezana, pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo na msukumo wa damu vikaenda kwa mpangilio mzuri zaidi. Siri ni kupokezana: nusu ya kwanza anasema kiongozi, nusu ya pili watu, kwa hiyo kila upande unapata muda wa kuvuta hewa. Mwezi wa Oktoba, tunapopita nyumba hadi nyumba, makumi matano ya Rozari yanachukua dakika 20. Wakiyasali kwa dakika 11 hakuna aliyepumua.

MchangaWaKaole
Utulivu nimeuelewa. Ujasiri je? Kichwa cha uzi kinasema ujasiri. Mtu anayeogopa kuongea na mjumbe, au anayeogopa kwenda kuchukua majibu hospitali, uradi unamsaidiaje?

JamviLaMiyaa
Swali zuri, na hapa ndipo halqa nyingi zinaishia njiani. Utulivu unaletwa na uradi. Ujasiri unaletwa na zamu.

Wiki tatu za kwanza mgeni anapokea tu, asipewe lolote. Wiki ya nne agawe misahafu, apite mbele ya kila mtu na kumtazama usoni. Wiki ya tano au ya sita aite Fatiha ya kufungulia, ambayo ni neno moja tu kwa sauti. Baadaye asome sura fupi peke yake. Mwisho, labda mwezi wa tatu, aombe dua kwa Kiswahili. Mfundisheni dua ya sentensi tatu: ya kwanza kushukuru, ya pili haja ya wote, ya tatu kumtaja mgonjwa au msafiri mmoja. Basi. Haizidi dakika.

Atatetemeka. Sauti ya mwanzo huja nyembamba na inakatika katikati ya neno. Hapo kiongozi asimsaidie kwa kumalizia. Watu waseme "Amin" mapema, kabla sentensi haijakamilika, kwa sauti ya chini na ndefu. Ile amin inampa nafasi ya kumeza mate na kuvuta pumzi, na anaendelea pasipo aibu. Kufahamu lini kuitikia ni kazi ya watu wote waliokaa, na ndiyo inayomfunza kwamba anaweza kukwama mbele za watu na asianguke.

Akikosea aya, asahihishwe na mtu mmoja tu aliyekubaliwa, kwa sauti ya chini. Wakimsahihisha watatu kwa pamoja hamtamwona tena.

Kisha haja. Zile dakika 10 za mwisho kila anayetaka aseme jambo moja kwa sentensi moja: "Jumatatu naenda kuchukua majibu." "Jumatano nina kikao cha kiwanja." Hapewi ushauri. Anaombewa kwa jina, na anaulizwa swali moja tu: "Utakwenda peke yako au na mtu?" Wiki inayofuata anaulizwa "Ulikwenda?" Nusu ya ujasiri ipo hapo, kujua Alhamisi kuna mtu atakayeuliza, na hataki habari za kusambaza.

MwanaDarsa
Assalaam alaykum. Kwa heshima zote, kumtaja Allah kwa sauti moja na idadi mliyojiwekea ni jambo ambalo masheikh wetu wanalikataza. Wito wenu mzuri, njia ndiyo tunayotofautiana.

KhatiWaZawiya
Wa alaykum salaam ndugu yangu, tofauti hiyo ni ya kale na hatutaimaliza hapa. Mtaa wenye watu wa rai zote mbili ufanye hivi: kila mtu amtaje Mola wake kimoyomoyo dakika 10 akiwa ameketi na wenziwe, bila kuongozwa na bila hesabu. Kisha isomwe Qur'ani kidogo, mwalimu aifasiri, haja zitajwe. Ar-Raad aya ya 28, "Ala bidhikrillahi tatmainnul quluub", tunaisoma sote. La msingi ni kwamba asilazimishwe mtu, na kipaza sauti kisielekezwe kwa jirani.

MwanaDarsa
Hapo nimekuelewa, barakallahu fiikum.

BintiMagomeni
Mengine yanayoua halqa, niyataje haraka.

Siri kutoka nje. Mtu ametaja ndoa yake jamvini, Jumamosi inasikika sokoni. Semeni kila wiki kabla ya haja: yaliyosemwa juu ya jamvi hukunjwa na jamvi. Aliyevunja aitwe faraghani na watu wawili. Akirudia, aje kwenye uradi, kwenye haja asikae.

Fedha. Msiwe na mfuko wa halqa mwaka wa kwanza. Kila wiki nyumba moja ilete sukari, nyingine kahawa. Mgonjwa akihitaji mchango, uchangwe siku ile na ukabidhiwe usiku ule mbele ya wawili. Pesa inayolala kwa mtu inazaa maneno hata kama haijaguswa.

Kugeuzwa uganga. Atatokea wa kusema anaona nani karogwa, au maji aliyoyasomea yanatosha badala ya vidonge. Mzuieni siku hiyohiyo. Anayekunywa dawa za presha, sukari au za akili aendelee nazo. Asiyelala siku nyingi, au anayesema hataki kuishi, msimwache arudi peke yake: wawili wampeleke hospitali, na mmoja abaki naye. Dua zinaendelea palepale kwenye benchi.

Na mtu akipandisha pepo katikati ya uradi, msimkamate mikono wala msimpandishie sauti. Ondoeni chetezo, glasi na miwani. Mwanamke ashikwe nguo zake na mwanamke mwenziwe. Kiongozi ashushe mwendo mpaka nusu, asikate. Mara nyingi anashuka nao. Akizinduka apewe maji, asiulizwe aliona nini. Akikakamaa, akitoka povu au kujikojolea, hicho ni kifafa mpaka daktari aseme vinginevyo: mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na ikipita dakika 5 tafuteni gari.

MtunzaRozari
Hili la kutowaacha watu warudi peke yao tunalichukua sisi pia, dada.

MchangaWaKaole
Mawili ya mwisho. Kahawa kiasi gani? Na masika je, watu hawaji.

JamviLaMiyaa
Kwa watu 12, maji lita 2, kahawa ya kusaga gramu 100, tangawizi ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, iliki sita. Ichemke mpaka povu la juu lishuke. Wazee na wenye presha wachemshiwe tangawizi tupu. Tende mbili mbili zinatosha, na inywewe baada ya Fatiha ya kufunga. Ikinywewa kabla, wanakuja kwa kahawa.

Masika, jamvi lianikwe kila likipatikana jua, miyaa ikishika ukungu inawasha miguu na watu wataona uvivu kukaa. Kuhusu watu: wakifika watano, saa ni ileile 2:00, utaratibu uleule. Msisubiri wengine, mkisubiri mnawafundisha kuchelewa. Wakifika wawili, mmoja aongoze, mwingine ahesabu. Akifika mwenye nyumba peke yake, asome Yasin kwa vituo vyake, asimame kwenye kila mubini pumzi mbili kana kwamba wapo, awataje wote kwa majina katika dua, afunge mlango saa 3:00.